Kitabu Kilichotoka Ndani ya Buti

Wengi wa walioniita mchawi bado wako hai, na ninawajua kwa sura na kwa sauti. Majina yao siyaandiki. Si kwa kuwaogopa, maana walilotaka kunitenda walishanitenda. Ila kwetu jina la babu hurudi kwa mjukuu, na hao wajukuu hawajanikosea kitu. Nitawataja kwa undugu wao, na wakisomewa haya watajijua.

Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Ningeweza hata kuishia hapo, kwa sababu wale wengine walikuwa hawajui. Yeye alijua.

Shule niliiacha darasa la nne, nikalima bara kwa wazazi wangu, nikakua, nikaolewa Kisauni. Mume wangu alikuwa kibarua wa kupakua makontena, leo bandarini Kipevu, kesho yadi za Changamwe, popote alipoitwa. Nyumba tuliijenga wenyewe, yeye akikandika udongo, mimi nikiteka maji. Vyumba vinne, viwili vya kupangisha. Mlango wa mbele aliutengeneza kwa mbao za makreti, na ukisimama karibu uliona bado herufi nyeusi za meli. Hatukujaliwa mtoto. Tulijaliwa tivii.

Ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, mgongo mrefu, na ilikula betri ya gari ambayo mume wangu aliipeleka gereji ikachajiwe kila Ijumaa. Jumamosi jioni, baada ya taarifa ya habari, palikuwa na mchezo wa kizungu wa vita vya huko juu kwenye nyota. Watu wamejipakia kwenye chombo kikubwa kama mtaa mzima. Kwao kumeganda barafu, wanatafuta pa kuishi, na kila wanapotua wanaambiwa hapa pana wenyewe.

“Hawa ni watu wa Kisauni hawa,” mume wangu akisema. “Kila kiwanja kina mtu anatoka na hati mfukoni.”

Kizungu sisi hatukukijua. Yeye alifika darasa la saba, akishika neno moja hapa, jingine pale, yaliyobaki akijaza mwenyewe. Shemeji alikuwa amepanga chumba Mwandoni, mkewe yuko bara shambani, kwa hiyo Jumamosi alikuwa mtu wetu. Alikaa mkekani, miguu ameinyosha, sahani ya muhogo mapajani, na akimwigiza nahodha wa kile chombo, mwanamke mmoja mkali asiyecheka, mpaka mbavu zikatuuma.

“Shemeji, leo nahodha wako anakufa,” ataniambia.

“Afe tu. Wewe muhogo wangu unaulipia lini?”

“Mimi ni balozi wa Wenye Pembe. Umesikia wapi balozi analipa?”

Wenye Pembe walikuwa watu wa nyota moja ya mbali. Vichwa vyao vina pembe mbili zilizopinda nyuma kama za mbuzi dume, nyuso zao ngumu, na mwanzoni niliwaogopa. Kumbe ndio peke yao waliowapa wale wasafiri maji. Walikuwa na salamu yao. Unaweka kiganja kwenye paji la uso, hapo katikati ya pembe, kisha unakisukuma mbele kikiwa wazi kumwelekea mwenzio. Naye lazima arudishe. Asiporudisha, basi amejitangaza adui.

Tuliichukua ile salamu ikawa yetu watatu. Shemeji akifika hapigi hodi. Anasimama mlangoni, kiganja kwenye paji, anasukuma. Mume wangu anarudisha. Mimi narudisha hata kama mkono una unga. Majirani walituona watu wazima tusio na akili, na labda ilikuwa kweli, lakini ile nyumba ilikuwa na kicheko.

Halafu Jumamosi moja mchezo haukuja. Wakaweka mpira. Jumamosi ya pili, mpira tena. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Wale watu waliachwa katikati ya giza, chombo hakina mafuta, nahodha amelala na homa. Shemeji aliendelea kuja. Tulikaa watatu tukiangalia mpira tusioupenda, tukibishana kama wangefika au wasingefika.

Mwaka ule ule, nadhani, mume wangu alipakua kontena la mitumba. Robota moja lilipasuka, na msimamizi akawaachia vibarua viatu vilivyomwagika. Yeye akapata buti, pea nzima. Wazungu, ili buti lisibonyee njiani, hulijaza karatasi ndani. Kwenye mguu wa kulia palikuwa na gazeti kuukuu. Kwenye mguu wa kushoto mtu alikuwa ameviringisha kitabu. Mume wangu alipokivuta akaona pembe.

Siku hiyo alikuja mbio. Nilidhani kuna mtu ameangukiwa na mzigo kazini.

“Wenye Pembe!” alisema, hata hajaingia. “Mke wangu, Wenye Pembe wako humu!”

Kilikuwa kitabu cha katuni cha ule ule mchezo. Picha za rangi kila ukurasa, na hapo ndipo nilipojua nahodha nywele zake ni nyekundu, na kwamba zile pembe ni za buluu. Tena kilianzia pale pale tivii ilipotuachia: chombo gizani, nahodha na homa. Wenye Pembe wanakuja kuwavuta kwa kamba ya mwanga. Kisha vita, kisha mlango mkubwa unafunguka angani, kisha kitabu kimekwisha. Sehemu ya pili haikuwemo.

“Iko kwenye buti la kulia la mtu mwingine,” shemeji akasema. Tangu siku hiyo tukibishana juu ya jambo lisilo na jibu, kama mvua itanyesha au kama kazi itapatikana, mmoja wetu alisema, “Muulizeni wa buti la kulia.”

Mambo mawili ya kitabu kile lazima niyaeleze, kwa sababu ndiyo yaliyonimaliza. La kwanza, kwa kukaa kwenye buti kilikuwa kimeshapinda. Ukikinyosha na kukiweka chini, kinajikunja polepole mpaka kinakuwa bomba. Tulikiwekea jiwe, tukakiwekea pasi, wapi. La pili, Wenye Pembe walipozungumza wao kwa wao, maneno yao yaliandikwa kwa herufi za kwao, za kubuniwa, mikia na vitone na duara. Mume wangu alizipenda sana.

“Hapa hata profesa anakwama,” aliniambia. “Hapa mimi, wewe na profesa tuko darasa moja.”

Kwa hiyo tulijitungia. Mpaka leo najua kila picha tuliipa maneno gani. Palikuwa na bibi kizee wa Wenye Pembe, amesimama mbele ya baraza la wakubwa ameinua kidole, na sisi tulikubaliana anasema, “Nani kamaliza chumvi?”

Mume wangu akaugua ini. Tumbo likajaa maji, macho yakawa manjano. Tivii tukaiuza, betri tukaiuza, buti pia. Kitabu alikataa. Siku za mwisho shemeji alikuja hospitali, akasimama miguuni pa kitanda. Mume wangu hakuwa na sauti. Akapandisha kiganja kwenye paji, kidogo kidogo, akasukuma. Shemeji akarudisha, machozi yakimtoka. Hayo niliyaona kwa macho yangu, na ndiyo maana sijawahi kusema kwamba hakumpenda kaka yake.

Tulimzika kwao bara. Matanga yalipokwisha, wazee wakaja Kisauni kufungua sanduku. Kwetu ndivyo ilivyo: sanduku la marehemu hufunguliwa mbele ya ukoo, nguo zikagawanywa. Aliyesimamia jambo hilo ni baba yao mkubwa. Aliyeinamia sanduku akitoa kitu kimoja kimoja ni mke wa shemeji, ambaye sasa alikuwa amehamia kutoka shambani, wamebanana na mumewe kwenye kile chumba cha Mwandoni. Alishatoa shati, suruali, koti la harusi. Chini ya koti akatoa kitabu.

“Hiki nini tena?”

Akakifungua. Akaona zile nyuso. Akakitupa mkekani, nacho, kama kawaida yake, kikaanza kujikunja.

“Kinajikunja! Jamani, kinajikunja chenyewe!”

Watu wakasimama. Bibi mmoja akatoka nje kabisa. Nikawaambia ni kitabu cha mchezo wa tivii. Baba mkubwa akauliza tivii iko wapi. Nikasema tuliiuza kwa ajili ya hospitali.

“Kwa hiyo tivii hakuna,” akasema.

“Hakuna, baba. Lakini muulizeni shemeji. Tulikuwa tukiangalia pamoja, hapa hapa, yeye akikaa pale.”

Wote wakamgeukia. Nilikuwa sina wasiwasi. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu, kwa sababu nilijua atasema jambo la kuchekesha, kitu cha balozi au cha muhogo, na mambo yataisha.

Shemeji aliangalia vidole vyake vya miguu. “Mimi nilikuwa nikipita mara moja moja,” akasema. “Tivii naikumbuka. Hayo mapembe siyakumbuki.”

Mkewe hakumtazama. Alikuwa akiangalia dari, kisha ukuta, kisha mlango wa chumba cha pili, kama mtu anayepima kitanda kitaingia wapi. Hapo ndipo nilipoelewa. Mjane asiye na mtoto anaweza kuachiwa nyumba, ukoo ukiwa na huruma. Mchawi hawezi.

Walimwita kwanza mchungaji wetu, aliyekuwa ameniombea miezi yote ya ugonjwa. Alikitazama kitabu akiwa mbali, mikono nyuma. “Mimi mtu mwenye pembe ninamjua mmoja tu,” akasema, akaomba ruhusa ya kuondoka. Huyo namhesabu wa pili. Angeweza kusema hajui. Hakuna anayekufa kwa kusema hajui.

Baada ya hapo watu wale wale wa ukoo, waimba kwaya kanisani, wakamleta mganga. Alifika kesho yake mchana, tukakaa uani, watu wamejaa mpaka kwa jirani. Alikivuta kitabu kwa kijiti. Akapitisha kiganja juu ya zile herufi, akafumba macho, akatikisa kichwa kama aliyepewa habari za msiba.

“Lugha ya majini hii. Majini wa mbali. Na hapa jina la marehemu limeandikwa.”

“Hapa wapi?” nikauliza.

Akaweka kidole. Kiliangukia kwa yule bibi kizee. Nani kamaliza chumvi. Haki ya Mungu, kicheko kilinipanda mpaka kooni. Ningecheka pale ningekufa siku hiyo hiyo. Nikauma shavu la ndani, nikaonja damu, na nikamtafuta shemeji kwa macho, maana yule bibi na chumvi yake alikuwa akimjua. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwigiza, kidole juu, sauti ya pua.

Alikuwa amesimama nyuma ya mkewe. Macho yetu yakakutana, nami nikaona amekumbuka. Mdomo ulimcheza.

Nikajiambia, nikimwomba kwa maneno atakataa tena, maneno ameshayaziba. Basi nikainuka. Nikaweka kiganja kwenye paji langu. Nikakisukuma mbele, wazi, kumwelekea yeye.

Mkono wake ulipanda. Kila mtu aliuona. Ulipanda wenyewe, kwa mazoea ya miaka, ukafika kwenye paji. Ungesukuma mbele tu, sentensi ingefuata: hiki ni kitabu cha mchezo, sote tulikuwa tukiucheza. Ulisimama pale kwenye paji. Kisha vidole vikaanza kukuna nywele.

“Anamvuta!” mkewe akapiga kelele. “Mmeona? Anamvuta mume wangu na yeye, mchana kweupe!”

Nilikuwa nimewapa kwa mkono wangu kile ambacho mganga hakuwa nacho. Kitabu wakakimwagia mafuta ya taa, wakakichoma. Baba mkubwa akatangaza nyumba ni mali ya ukoo, nami nipewe wiki moja nihame.

Hata wiki haikufika. Jioni moja, giza halijashika, nikiwa natoka kuteka maji, wakanijia wawili. Nyuso wamezifunga, lakini sauti hazifungwi. Ni wana wa baba mkubwa, wale niliowapikia wali matangani. Mmoja alisema, “Mkono, mkono huo anaorogea!” Na panga likaja begani. Dumu la maji likaanguka juu yangu, na nadhani ndilo lililoniokoa, maana la pili lilipiga dumu. Wapangaji wangu wakatoka, wakapiga mayowe, wale wakakimbia.

Kituoni askari aliandika, akafika mahali akaacha kuandika. “Mama, haya ya uchawi si mkayamalize nyumbani?” Nikamwambia nyumbani ndiko nilikotoka. Bega lilipona vibaya. Mpaka leo mkono wa kulia haupandi zaidi ya ziwa.

Nilihamia Changamwe, chumba kimoja, na alfajiri nauza mahamri na mbaazi kwa madereva wa malori wanaosubiri kuingia Kipevu. Kwenye nyumba yangu aliingia shemeji na mkewe kulinda mali ya ukoo. Wapangaji wangu wakawa wapangaji wao. Kwa muda nilikuwa nikipita soko la Kongowea kwenye viatu vya mitumba, naingiza mkono kwenye mabuti ya kulia. Wauzaji wakinifukuza. Kisha nikaacha. Nilikuwa najidanganya kwamba natafuta mwisho wa hadithi, kumbe natafuta ushahidi.

Na ushahidi, tazama, ulikuja ukajaa dunia nzima. Mwaka juzi dereva mmoja alikuwa anakula mahamri huku simu ameiegemeza kwenye birika langu, nikaziona pembe. Buluu. Wameutengeneza upya ule mchezo, wachezaji wengine, nahodha mwingine. Fulana zinauzwa, Wenye Pembe vifuani, watoto wa Kisauni wanazivaa kwenda kanisani. Nikamwuliza kama mwisho wanafika.

“Mwisho upi, mama? Huu hauishi. Ukidhani umeisha wanaongeza.”

Hata hivyo, ilinijia tamaa. Nikawaza, sasa kila mtu anajua. Sasa shemeji akisema hatapoteza kitu, hata kicheko hakitamfika, na nyumba abaki nayo. Nilitaka ile sentensi moja tu, mbele ya watu wale wale, ili nikifa nizikwe kama mtu.

Mwaka huu mpangaji wangu wa zamani akanipigia simu. Shemeji amepigwa na kiharusi, upande mmoja umelala, ulimi umekufa. “Anakutaja, mama. Yaani hawezi kutaja, ila anaelekeza kwenye mlango wako ule, anaelekeza, anaelekeza.”

Nikaenda. Nilipiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe. Herufi za meli bado zinaonekana. Mkewe alifungua, akanizibia, lakini nyuma yake alikuwepo baba mkubwa, mzee sasa, haoni vizuri, pamoja na watu wa ukoo waliokuja kumwona mgonjwa. Mzee akasema, “Mwache aingie. Nani huyo?” Nikasema ni mimi.

Shemeji alikuwa amelazwa chini, mkekani, pale pale alipokuwa akikaa Jumamosi. Aliponiona macho yakajaa. Mdomo ukafunguka upande mmoja, ikatoka sauti isiyo neno. Nikainama. Nikamwambia polepole, “Sema. Wako wote hapa.”

Akahangaika. Shingo ikamsimama mishipa. Halafu akaacha mdomo, akainua mkono wa kushoto, ule mzima. Ukapanda mpaka kwenye paji. Safari hii haukusimama. Akausukuma mbele, kiganja wazi, kunielekea mimi.

Ndiyo iliyokuwa sentensi yake. Alikuwa nayo muda wote, akaitoa siku ambayo haina msomaji mwingine ila mimi.

“Mnaona!” mkewe alikuwa ameshika kichwa. “Bado amemshika! Mpaka leo bado amemshika! Mtoeni huyu mwanamke!”

Baba mkubwa akauliza, “Kafanya nini? Mbona sioni? Kafanya nini?” Wakamwambia. Akaanza kuomba kwa sauti.

Shemeji hakuwa akiwasikia. Mkono ulikuwa bado hewani, ukinisubiri. Sheria aliijua kama ninavyoijua: usiporudisha, wewe ni adui. Mkono wangu wa kulia haupandi. Wa kushoto ulikuwepo, haukuwa na kitu, ulikuwa umening'inia tu ubavuni.

Sikuuinua. Nilisimama pale mpaka wa kwake ukaanguka, ndipo nikatoka.